Jicho Lililobaki

Kama umefungwa bandeji leo na mtu anakusomea haya, kwanza pole, halafu nikwambie jambo ambalo mimi sikuambiwa na yeyote: upasuaji wenyewe ni kitu kidogo. Kazi iko mbele. Kazi ni kukaa na jicho linalowasha bila kuligusa, na kukaa na watu wanaokupenda ambao mikono yao haitulii. Nimepita huko na nimetoka. Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, mistari imenyooka, na anayetaka kubisha aje Mzenga aone.

Naitwa Tatu. Jicho langu la kulia lilikufa zamani, binti yangu Zaituni akiwa bado shuleni. Ganda la korosho liliruka likaniingia, jicho likavimba, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akalitia maji ya majani aliyoyajua yeye. Wifi yangu Mwajuma ndiye aliyenishika kichwa nisitikisike. Liliungua mpaka nikasahau nilipo. Haikupita wiki kiini kikageuka cheupe na hakikurudi tena. Majirani walisema ni kijicho cha watu. Mume wangu Kondo hakusema kitu. Mimi nami sikusema, kwa sababu aliyetia dawa ni mama yake na alifanya kwa mapenzi. Basi nikabaki na la kushoto, na habari yote hii ni ya hilo la kushoto.

Kazi yangu ni kubangua korosho. Tunazikaanga kwenye bati lililotobolewa matundu, juu ya moto wa kuni. Mafuta ya ganda yakidondoka motoni, moto unaruka na moshi unatoka mweusi, mkali, wa kukohoza kijiji. Zikipoa unajipaka majivu mikononi ili mafuta yasikubabue, unakaa chini, unagonga moja moja. Kazi hiyo imenilea, na ndiyo iliyomsomesha Zaituni. Kwa hiyo ukungu ulipoanza kuniingia nilisingizia moshi. Nilisema mvua zikija utaondoka. Masika ikaja ikaisha, ukungu ukabaki palepale.

Nikaanza kugonga vidole badala ya korosho. Siku moja nikampa shikamoo kijana wa bodaboda aliyekuja kuchukua mzigo, naye kwa kuchanganyikiwa akaitikia marahaba. Aliyeshuhudia ni jirani yangu Kalunde. Kalunde ni Mnyamwezi, aliletwa Mzenga na mume aliyekuwa akifanya kazi ya reli, na mume alipofariki yeye akabaki. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na huyu hajawahi kuuacha utani wake upoe hata siku moja. Alitangaza kisimani kwamba Wazaramo sasa wanawaamkia wajukuu zao, na kwamba amemwandaa mbuzi wake kwa zamu yake. Watu walicheka na mimi nikacheka. Jioni akaja kwangu peke yake, akakaa kwenye kinu.

"Tatu, mimi nakutania," akasema. "Lakini wewe huoni."

Nililia siku hiyo. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, kwa sababu nilikuwa nimejitahidi sana kuficha.

Zaituni anaishi Kibaha, anashona nguo, na aliposikia alikuja kunichukua bila kuniuliza. Nyumbani maneno yakaanza. Mwajuma alisema madaktari hulitoa jicho nje, wakaliweka kwenye sahani, wakalifuta, wakalirudisha, na kwamba yuko mtu wa Chole alirudishiwa la kwake limeangalia ndani. Kondo alisema tungoje kidogo, labda baada ya mavuno. Nilikuwa karibu kuwakubalia. Kilichonipandisha kwenye pikipiki ni swali moja tu. Mwajuma aliniuliza, kwa upole kabisa, bati langu la kukaangia nitampa nani. Nilikuwa hai, nimekaa mbele yake, na tayari ananirithi. Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani kwenda Mlandizi, nimemshika Zaituni kiunoni na vumbi lote la njia ya Mzenga likiwa mdomoni mwangu, na kutoka hapo tukapata gari la Kibaha.

Ukumbi wa kusubiri wa macho una namna yake. Hakuna anayekuangalia. Watu wamekaa kwenye mabenchi nyuso zimeelekea ukutani, kila mmoja ameinamisha kichwa upande anakoona vizuri, na wakisogea mbele nafasi moja benchi zima linasogea pamoja. Nilikaa karibu na mzee wa Mlandizi, mkulima wa mpunga, aliyekuwa amekuja na kuku hai kwenye kikapu kwa ajili ya daktari. Nesi alimwambia amrudishe nyumbani. Mzee akasema kuku ameshazoea hapa. Tulikaa siku nzima kwenye benchi hilo, tukapimwa, tukatiwa matone, tukaambiwa turudi, tukarudi, tukakaa tena, na kila nilipochoka yule kuku alitaga au alijifanya anataka kutaga, watu wakacheka. Nawaambia wanaongoja: tafuta mtu wa kucheka naye kwenye benchi. Hiyo ni dawa ambayo hutaandikiwa.

Siku ya kupasuliwa nilimuuliza daktari habari ya sahani. Alikuwa kijana, sauti yake ya taratibu. Aliniambia jicho halitoki mahali pake, hata kidogo, kinachotoka ni ule mtoto wa jicho tu, na mahali pake panawekwa kioo kidogo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sina lingine. Ukiharibu hili umenizima." Hakunijibu maneno ya kunibembeleza. Alisema anajua, na ndiyo maana amenipanga wa kwanza asubuhi, akiwa bado hajachoka. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Walinichoma sindano pembeni ya jicho, nayo inauma, nisikudanganye. Halafu wakanifunika uso wote kwa kitambaa wakaacha tundu. Unabaki macho. Unasikia vyuma vinagongana, unasikia maji yanatiririka hadi sikioni, unaona taa na rangi zinazoelea. Nilisoma shahada kimoyomoyo mpaka ulimi ukakauka. Mtu mmoja chumbani alikuwa akimweleza mwenzake jinsi maharage yake yalivyoungua jana, na nikajisemea, ikiwa huyu anawaza maharage basi mimi sifi leo. Nilipoanza kuzoea, wakasema imekwisha.

Bandeji ilifunguliwa asubuhi iliyofuata. Sikuona mbingu wala malaika. Nilimwona Zaituni. Nilimwona mistari kwenye paji la uso, na mfupa wa shingo umetokeza, na mvi mbili tatu karibu na sikio. Mwanangu niliyemwacha na mashavu yake! Kwa miaka nilikuwa nikiona uso wa zamani nikidhani ndio wa sasa.

"Zaituni, umekonda," nikamwambia.

Akasema amekuwa hivyo muda mrefu. Machozi yakanitoka, na nesi akanigombeza papo hapo, kwamba kulia kwenyewe si neno, ila nisithubutu kufuta kwa khanga. Hiyo ndiyo furaha yangu ya kwanza, kuchapwa maneno na nesi.

Sasa nije kwenye yale yanayofichwa. Kuanzia siku ile ya pili ganzi ilipoisha, jicho langu lilikuwa na mchanga. Nilikaa kwa Zaituni hapo Kibaha, chumba chenye pazia zito, na mchana kutwa nilihisi mchanga chini ya kope. Ukifumba unauma, ukifumbua unauma zaidi. Mwanga wa mlango ulinipiga kama kofi. Machozi yalishuka yenyewe hata nikiwa nimefurahi. Usiku nilibandikwa kikinga cha plastiki kwa plasta, nikalala chali, mimi niliyelala ubavu maisha yangu yote. Na kuwasha. Maumivu yana heshima, yanakuja yanaondoka, lakini kuwasha hakuna adabu. Nilikalia mikono yangu. Kweli, nilikaa juu ya mikono yangu miwili kwenye kochi la mwanangu, nikamtukana mtu nisiyemjua mpaka kukapita.

Niliambiwa nisiiname, nisibebe ndoo, nisikaribie moshi wala vumbi, nisiingize maji jichoni. Nilisali nimekaa kwenye kiti, sijda kwa kuashiria tu, na mwanzoni niliona aibu mbele ya Mungu, halafu nikakumbuka kwamba Yeye ndiye anayeliona jicho kuliko wote. Matone yalikuwa kila baada ya muda, asubuhi hadi kulala. Yanashuka mpaka kooni, yana uchungu wa mwarobaini. Zaituni aliacha cherehani kila mara, akanawa mikono kwa sabuni, akavuta kope la chini, akadondosha. Hakukosa hata mara moja. Wakati mwingine tuligombana kwa vitu vya kijinga, chumvi, redio, mlango, kwa sababu yeye amechoka na mimi sijazoea kulelewa. Kisha saa ya dawa ikifika tunasogeleana tena bila kusema samahani.

Siku ya kurudi kupimwa, daktari alisema limekaa vizuri, ila bado ni kidonda, na kidonda cha jichoni hakitaki mchezo. Nilitoka hapo najiona malkia, na miwani myeusi niliyonunuliwa stendi. Nilipofika kwa Zaituni simu ikaita. Shemeji yangu mkubwa, kaka yao Kondo na Mwajuma, amefariki Mzenga.

Zaituni alisema haiwezekani. Vumbi la njia, moshi wa jikoni, kulala chini na wafiwa. Kondo akanipigia. Mume wangu si mtu wa maneno, na alisema machache tu, kwamba mimi ndiye mke mkubwa wa ukoo sasa, na nisipokuja watu watasemaje. Nilimuuliza kama amenisikia nikisema jicho bado ni kidonda. Akasema amesikia. Akarudia kwamba watu watasemaje.

Nilikaa nikawaza. Marehemu alinipokea vizuri siku nilipoolewa, na sikutaka kukosa kumzika. Lakini pia niliwajua hao watu. Basi nikaamua nitakwenda, na nitakwenda na masharti yangu. Nilimwambia Zaituni aandae matone, miwani, kikinga, na kiti cha plastiki. Akauliza kiti cha nini, Mzenga hakuna viti? Nikamwambia viti vipo, ila hakuna atakayeniletea.

Ukitaka kunielewa lazima ujue misiba yetu. Wanawake tunakaa chini kwenye mikeka, ndani, tumejifunika. Wafiwa hawakai kwenye viti. Na watani wana ruhusa zao. Mtani anaweza kukupaka majivu usoni, anaweza kulala ndani ya kaburi lililochimbwa akakataa kutoka, anaweza kukamata kitu chochote, kofia, sufuria, hata baiskeli ya shehe, akakizuia mpaka wafiwa wakikomboe. Alichokamata mtani hakiguswi. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika, ukikasirika ndiyo umekwisha, atakuandama mpaka arobaini.

Tulifika mchana. Nilivaa miwani, nimejifunga khanga kwa juu, na Zaituni nyuma yangu amebeba kiti kichwani. Niliingia ndani, nikawapa pole mmoja mmoja, nikamlilia shemeji yangu kwa sauti, kwa haki yake. Nikatoka. Nikaangalia upepo unaelekea wapi, nikaweka kiti uani upande usiofika moshi wa mafiga, nikakaa.

Mwajuma alinifuata. Alikuwa amefiwa na kaka yake, macho yamevimba, na ninamtetea kwa hilo. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wanaume kwamba watu wanakuja msibani na viti na miwani, hajui wamealikwa harusi gani. Akainama akachungulia chini ya miwani. Jicho lilikuwa jekundu kwa safari, linachuruzika.

"Limeoza," akasema. "Si niliwaambia?"

Akaondoka haraka, akarudi na kikombe cha bati. Alikuwa amekwenda kwa mjukuu wake anayenyonyesha, naye akamkamulia maziwa yake. Dawa ya jicho jekundu kwetu ni hiyo, kila mtu anaijua, na wanawake waliokuwa mikekani walianza kutoka mmoja mmoja kuja kusaidia. Mmoja akaniambia nilaze kichwa. Mwingine akanishika bega. Zaituni alianza kupaza sauti, wakamwambia mtoto akae kando. Mkono wa Mwajuma ukanijia kichwani, mahali palepale uliponishika ile mara ya kwanza.

Hapo nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma. Nilivua miwani wanione, nikasema bila kelele, kwa sababu sikuhitaji kelele:

"Hili la kulia mlilitia dawa nyinyi. Wewe Mwajuma ulinishika kichwa. Nikawa chongo, nikanyamaza, nikawapikia na nikawazalia. Hili la kushoto ni langu. Atakayeligusa nitamng'ata."

Maneno hayo nilikuwa nimeyakalia miaka yote, kama nilivyoikalia mikono yangu kule Kibaha. Nilimwona Kondo amesimama penye kundi la wanaume, amesikia kila neno. Na nilijua nimemsema mama yake, ingawa sikumtaja, mbele ya maiti ya kaka yake. Sikukaa.

Ndipo Kalunde akatokea jikoni. Alikuwa na kibakuli cha majivu, ameshawapaka watu nusu ya uwanja, amevaa suruali ya marehemu juu ya gauni lake. Alipoona kiti na miwani uso wake ulikunjuka, na kila mtu alijua kinachofuata. Mfiwa amekuja na kiti! Hiyo kwa mtani ni karamu. Nilifunika jicho kwa viganja viwili. Nilimwambia Mungu, si huyu, huyu asinifanyie.

Sikusikia majivu usoni. Nilipochungulia kwa vidole nilimwona ameinama chini, anamwaga majivu polepole, mbali na uso wangu, akizunguka kiti na miguu yangu mpaka mstari ukakutana. Akainua kiti, akakifuta kwa kalio la ile suruali, akanikalisha.

"Huyu Mzaramo nimemkamata," akatangaza. "Ni mateka wangu. Asivuke mtu mstari huu mpaka mali yangu ikombolewe. Na hicho kikombe nacho nimekikamata."

Akakichukua mkononi mwa Mwajuma, akakinusa, akampelekea yule mtoto wa mjukuu, akasema mwenye mali yake akanywe. Uwanja ukapasuka kwa kicheko, hata wazee. Mwajuma mwenyewe alisimama kidogo, mdomo wazi, halafu akafanya kama kila mfiwa anavyopaswa kufanya mbele ya mtani, akaondoka bila kukasirika. Hakuna aliyeuvuka mstari ule. Mazishi yakafanyika, watu wakala, na mimi nikakaa kwenye duara langu la majivu nikiangalia mambo kwa jicho langu jekundu. Zaituni peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia kunitia matone, kwa sababu Kalunde alisema mateka akifa hana thamani. Usiku alinilaza kwake, asubuhi akanirudisha kwenye duara.

Siku ya tatu, baada ya kisomo, Kondo alikuja kunikomboa. Alichukua jogoo kama desturi ilivyo. Kalunde alimkataa jogoo. Wakamletea unga, akaukataa. Akasema fidia yake ni moja, mume amtie mkewe dawa kwa mkono wake, mbele yake.

Watu walicheka wakidhani ni utani. Mimi nilijua si utani. Tangu jicho la kulia life Kondo hakuwahi kuniangalia usoni kwa upande huo. Akizungumza nami hukaa kushoto kwangu. Nilikuwa nimelizoea jambo hilo hata nikasahau kwamba linaniuma.

Alinawa mikono. Alinawa tena. Zaituni akamwonyesha jinsi ya kuvuta kope. Alivuka mstari wa majivu na kusimama juu yangu, akafungua chupa. Tone la kwanza lilinidondokea shavuni. La pili puani. Kalunde akauliza kama anamwagilia mchicha, na kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afariki Kondo alicheka. La tatu liliingia. Uchungu ukashuka kooni. Nilipofumbua alikuwa bado ameinama, uso wake karibu sana, na alikuwa akiliangalia la kulia, lile jeupe.

"Nilijua," akasema taratibu. "Tangu siku ile nilijua ni ile dawa. Nisamehe."

Sikumwambia si neno, kwa sababu ni neno. Nilimwambia alete kiganja, nikakishika, nikamwambia kuna dawa nyingine saa ya alasiri na asichelewe. Hakuchelewa. Alinirudisha Kibaha mwenyewe kupimwa. Daktari alininung'unikia kwa ajili ya vumbi, akaniongezea matone, akasema nina bahati na kichwa kigumu. Kondo akamjibu kwamba bahati haijui, kichwa anakijua. Mpaka chupa ya mwisho ilipokwisha ni yeye aliyekuwa akinitia, na hata sasa akiingia jioni namwona ananawa mikono kabla ya kukumbuka kwamba hakuna dawa.

Mchanga uliondoka polepole, bila kuaga. Siku moja wakati wa vuli nilishtuka nimemaliza asubuhi nzima bila kulifikiria jicho. Mwanga mkali bado unanichokoza, na nikichoka linatoa machozi. Nimelikubali hivyo. Ukiona na wewe bado linakusumbua, hujafanya kosa lolote. Rudi kwa daktari ukaulize, usiogope kumchosha, na usikubali mtu akulaze kichwa kwa sababu tu ana umri mkubwa au anakupenda.

Msimu wa korosho ulipofika nilirudi kwenye kazi yangu. Bati ni langu, sikumrithisha mtu. Kukaanga anakaanga Kondo, mimi nakaa mbali kwenye kiti changu cha plastiki upande usiofika moshi, nabangua. Sigongi kidole.

Juzi Mwajuma alikuja. Tangu msibani tulikuwa tunasalimiana kwa mbali, salamu za kutimiza wajibu. Alisimama uani, akatazama huku na huku, akamwelekea Kalunde aliyekuwa akipepeta pembeni, akasema, "Tatu, wifi yangu, hujambo?" Kalunde alifungua mdomo, na utani wote wa kabila lake ukiwa mlangoni. Akanitazama. Akaufunga.

Nilisimama. Nilikwenda nikamshika Mwajuma mkono, nikamwambia wifi mimi niko huku. Alianza kusema ni moshi tu, moshi wa mwaka huu ni mkali. Nikamwambia nami nilisema hivyo. Nikamwambia kesho alfajiri tunakwenda Mlandizi, mimi na yeye, na Kibaha atalala kwa Zaituni.

"Watalitoa nje?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Halitoki," nikamjibu. "Na atakayekuletea kikombe atanikuta hapo."

Nikamkalisha kwenye kiti changu.